Kaisari wa Filamu na Kaisari wa Wakulima

Msafiri anayesimama Kikopey kula nyama choma, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, akikuta filamu kwenye televisheni imefika katikati huuliza mambo mawili tu: stelingi ni yupi, na adui ni yupi? Akishaonyeshwa, anaendelea na mbuzi wake. Filamu za Roma ya kale humrahisishia kazi. Yule aliyevaa taji la majani na kucheka wenzake wakifa, huyo ndiye adui.

Hivyo ndivyo Peter Ustinov alivyomwigiza Nero katika Quo Vadis, mwaka 1951. Joaquin Phoenix akamwigiza Commodus katika Gladiator ya mwaka 2000, iliyoshinda tuzo tano za Oscar. Mwaka 2024 Gladiator II ikaleta makaisari wawili kwa mpigo, Caracalla na nduguye Geta. Huku kwetu, wasimuliaji wa filamu kama DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania walijipatia jina kwa kuweka sauti zao juu ya Kiingereza cha waigizaji, wakitia utani na hukumu zao. Wapo wanaolalamika kwamba wasimuliaji hawa hupotosha hadithi. Lakini hadithi ya Kaisari ilikwisha kutiwa chumvi karne nyingi kabla ya kamera kubuniwa.

Tumtazame Commodus. Katika filamu anamkumbatia baba yake, Marcus Aurelius, mpaka mzee anakosa pumzi, ili madaraka yasirudishwe kwa Seneti. Mwishoni anauawa uwanjani na Maximus, jenerali aliyegeuzwa mtumwa. Maximus huyo ni wa kubuniwa. Marcus Aurelius alifariki mwaka 180 akiwa vitani, wakati ambapo tauni ilikuwa imeitesa dola kwa miaka. Wala hakupanga kumnyima mwanawe kiti, kwani tangu mwaka 177 alikuwa akitawala pamoja naye. Commodus alitawala peke yake miaka kumi na miwili, na kifo chake hakikuwa cha uwanjani. Siku ya mwisho ya mwaka 192 alitiliwa sumu na watu wa nyumbani mwake. Ilipokosa kummaliza, mwanamieleka aitwaye Narcissus aliletwa akamkaba koo.

Hata hivyo, waandishi wa filamu hawakuokota mambo yao hewani. Wazo la kwamba Marcus aliuawa limo katika kitabu cha Cassius Dio, seneta aliyeishi zama hizo, anayedai kuambiwa kuwa madaktari walimmaliza mzee ili wamfurahishe mwanawe. Dio ndiye pia anayesimulia jinsi Commodus alivyoshuka uwanjani kupigana. Siku moja, anasema, Kaisari alimkata mbuni kichwa, akawasogelea maseneta akiwa na kichwa mkono mmoja na upanga wa damu mkono wa pili, akatingisha kichwa chake na kutabasamu kimyakimya. Maseneta walielewa. Dio alichuma majani kwenye taji lake akayatafuna, na kuwahimiza waliokaa karibu naye wafanye vivyo hivyo, maana wangeonekana wakicheka wangekufa.

Ni ushahidi wa mtu aliyekuwepo, na hatuna haki ya kuudharau. Ila tujue ni wa nani. Dio alikuwa tajiri wa tabaka lililonyanyaswa na Commodus, na aliandika baada ya mnyanyasaji kufa. Kaisari alipouawa, Seneti iliamuru sanamu zake ziangushwe. Miaka michache baadaye Septimius Severus, Kaisari aliyezaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, alihitaji ukoo wa kifalme wa kujiegemeza, akajitangaza kuwa ndugu wa Commodus na kumfanya marehemu mungu.

Severus huyo, ambaye ndiye baba wa Caracalla na Geta, humwoni katika Gladiator II. Mwafrika aliyepewa nafasi ni Macrinus, anayeigizwa na Denzel Washington kama mtumwa wa zamani aliyetajirika kwa kumiliki wapiganaji. Macrinus wa historia alitoka Caesarea, katika Algeria ya leo. Alikuwa mwanasheria, akapanda hadi kuwa mkuu wa walinzi wa Kaisari, na mwaka 217 akakalia kiti baada ya Caracalla kuuawa. Dio hakumpenda, kwa kuwa hakuwa seneta, na hakusahau kuandika kwamba sikio lake lilikuwa limetobolewa kwa desturi ya kwao. Hereni unazoziona kwa Denzel zina asili yake.

Kuhusu wanyama, mtu wa Kikopey anaweza kuwa hakimu. Aliyewaona vifaru wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru hatasadiki mpiganaji aliyepanda kifaru, kama ilivyo katika Gladiator II. Lakini kifaru mwenyewe si uongo. Sarafu za Kaisari Domitian zina picha ya kifaru mwenye pembe mbili, kama hawa wetu. Dio anaandika kwamba Commodus aliua vifaru, viboko watano na twiga. Jamaa ya twiga huyo ndio wanaotembea Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita.

Je, yuko shahidi asiyekuwa seneta? Yuko, na ni jiwe. Lilipatikana Souk el-Khemis, Tunisia, katika karne ya 19. Limechongwa malalamiko ya wakulima wapangaji wa shamba la Kaisari. Wanasema mkodishaji mkuu wa shamba, kwa kuelewana na maofisa, aliwalazimisha kazi kupita kiasi, na walipolalamika waliletewa askari waliowakamata na kuwachapa. Wakamwandikia Commodus, na jibu likaja: wasidaiwe zaidi ya siku sita za kazi kwa mwaka. Mkodishaji huyo, wanayemwita adui yao, alikuwa Allius Maximus. Kwenye jiwe hilo, Maximus ndiye mnyonyaji na Commodus ndiye mwokozi.

Jiwe halimfanyi Commodus kuwa mwema. Huenda makarani wake ndio waliotunga jibu, na wakulima walikuwa na sababu ya kulichonga kwa fahari. Ila linatuonyesha kwamba utawala mmoja ulionekana tofauti kutoka kiti cha seneta na kutoka shamba la mpangaji.

Jambo hilo si geni Bonde la Ufa. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota katika mashamba ya walowezi wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Walowezi waliacha kumbukumbu nyingi, na filamu kama Out of Africa ya mwaka 1985 ilitokana na maandishi yao. Skwota aliyelima siku hizo 180 hakuandikiwa sehemu ya stelingi. Mwenye kutazama Gladiator kwa makini atamsikia seneta akizungumza nyuma ya kila tukio, na atajua kwamba mkulima wa Souk el-Khemis bado hajapewa zamu yake.