Kigae Huchorwa Mara Moja: Namna ya Kuchagua na Kutumia Mashine ya Mkono ya Kukatia Vigae

ALHAMDULILLAH, nyumba nyingi katika miji yetu, na hata vijijini, sasa zina sakafu za vigae, au tailizi kama wengi wetu tunavyoviita. Tangu viwanda vya Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani, vianze kutengeneza bidhaa hiyo hapa hapa nchini, kigae kimekuwa kitu cha kawaida katika ujenzi. Familia hukipenda zaidi bafuni na mahali pa kutawadhia, kwa kuwa ni sakafu inayooshwa ikatakata, na isiyowaachia wenye nyumba shaka ya unyevunyevu na uchafu.

Hata hivyo, kila kazi ya vigae ina sehemu yake ngumu, nayo ni ukataji. Chumba hakijengwi kwa kipimo cha kigae. Utapanga vigae vizima katikati ya sakafu bila taabu, lakini ukifika ukutani, mlangoni au penye bomba, lazima ukate. Hapo ndipo fedha hupotea na, kama ilivyotutokea sisi, hapo ndipo afya ya mtu inaweza kuingia hatarini.

Tulikuwa tumeweka akiba kwa mwaka mzima ili tutengeneze bafu letu. Fundi aliyekuja alikata vigae kwa grinda, ndani ya nyumba, bila maji. Haikupita saa moja, vumbi jeupe lilikuwa limefika kwenye vyandarua na kwenye makabati ya vyombo. Binti yetu ana miaka tisa, na ana pumu. Usiku ule hakulala. Tulikaa naye tumemwinua kwa mito, dawa yake ya kuvuta ikiwa mkononi, mpaka adhana ya Alfajiri. Kulipokucha tulimlipa fundi haki yake na kumwomba asimamishe kazi. Hatukumlaumu, kwani alifanya alivyofundishwa, na vumbi lile lile lilikuwa likiingia kifuani mwake pia, siku baada ya siku.

Vumbi la kigae si vumbi la barabarani. Udongo unaotengenezewa vigae una madini ya silika, na chembe zake ndogo kabisa hufika ndani ya mapafu na kukaa humo. Mtu anayezivuta kwa miaka mingi anaweza kupata ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, ambao hauna tiba ya kuyarudisha mapafu katika hali yake ya awali. Mwaka 1997, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitaja silika ya aina hiyo inayovutwa kwa pumzi kuwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Basi tukaanza kutafuta njia nyingine, na tukaambiwa ipo mashine ya mkono ya kukatia vigae. Haitumii umeme, haipigi kelele, na vumbi lake ni dogo sana.

Kosa letu

Tulikwenda dukani, tukachagua mashine nyepesi na ya bei ndogo kuliko zote, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha. Vigae vyetu vilikuwa vya sentimita 40 kwa 40, na tulikuwa na tisa vya akiba. Katika vigae kumi vya kwanza tulivyokata, saba vilivunjika vibaya. Vingine vilipasuka pembeni, vingine vikakatika kwa mstari uliopinda kama mto. Tuliporudi dukani kununua vingine, tuliambiwa rangi ya toleo lile imekwisha. Zilikuwa zimebaki kata nyingi za kumalizia kingo, na akiba yetu ilikuwa vigae viwili.

Ndipo tulipomwendea mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyefanya kazi ya ufundi ujenzi mpaka uzeeni. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu, akakubali kuja. Alitutazama tukikata kigae kimoja, akatabasamu. “Wanangu,” alisema, “ninyi mnasugua. Hii mashine haikati. Inachora, kisha inavunja.”

Maneno hayo ndiyo msingi wa somo zima. Kigae kinafanana na kioo. Fundi wa vioo hapitishi msumeno. Hukwaruza mstari mmoja kwa kikatio chake, kisha hukibonyeza kioo, nacho hupasuka kwa kuufuata mkwaruzo huo kwa sababu ndiyo njia iliyo dhaifu. Mashine ya vigae hufanya vivyo hivyo. Kigurudumu chake kidogo huchora uso unaong'aa, kisha mguu wa kuvunjia hukandamiza pande mbili za mstari, huku mwinuko mwembamba ulio chini ya kigae ukikisukuma kutoka chini. Ukichora mara mbili au tatu, kama tulivyofanya sisi, unaacha mikwaruzo kadhaa iliyokaribiana, na ufa hauna tena njia moja ya kufuata. Isitoshe, kigurudumu huwa butu mapema.

Namna ya kuichagua

Jambo la kwanza ni urefu. Mashine hupimwa kwa urefu wa kigae inachoweza kukata, na wengi husahau kwamba kuna siku watakata kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kina mshazari wa takriban sentimita 57. Kile cha 60 kwa 60, ambacho wengi hukiweka sebuleni, kina mshazari wa takriban sentimita 85. Pima kigae chako kwanza, ndipo upime mashine.

Jambo la pili ni reli, yaani vyuma ambavyo kigari chenye kigurudumu hupita juu yake. Zipo mashine za reli moja nene na zipo za reli mbili, na zote hufaa maadamu chuma hakipindi. Shika mpini, kandamiza, kisha usukume kigari mwanzo hadi mwisho. Kikicheza kushoto na kulia, au reli ikibonyea katikati, iache mashine hiyo. Hapa ndipo tulipokosea. Reli za ile ya kwanza zilikuwa zikinyumbuka kwa uzito wa mkono.

Jambo la tatu ni kigurudumu. Kizuri hutengenezwa kwa tangsteni kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha pua. Kinapaswa kuzunguka kwa wepesi bila kuyumba, na kiwe cha kufunguka ili kibadilishwe kinapokuwa butu. Muulize muuzaji kama ana vya akiba. Mashine isiyo na kigurudumu cha kubadilisha ni mashine ya kazi moja.

Jambo la nne ni kizuizi, yaani ule ukingo wenye vipimo ambao kigae huegemezwa. Kikikaa kombo, kila kata itakuwa kombo. Njia ya kukijaribu ni rahisi: kata kipande, kisha upime upana wake juu na chini. Vipimo vikilingana, kizuizi kimenyooka.

Jambo la tano ni ugumu wa kigae chenyewe. Vigae vingi vya ukutani ni laini, na mashine ndogo huviweza. Vigae vigumu vya sakafuni, vile vinavyoitwa poseleni, hufyonza maji yasiyozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake, maana vimeshikana mno, navyo huhitaji mashine nzito yenye mguu mpana na mpini mrefu. Kama hujui una kigae cha aina gani, dondoshea maji mgongoni mwake. Kikiyanywa upesi, ni laini.

Kwa ufupi, nenda dukani na kigae chako kwapani, na uombe ukijaribu pale pale. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakukatalia.

Namna ya kuitumia

Mzee alituambia tuiweke mashine chini, mahali palipo sawa, na tufagie kitako chake kila baada ya kata moja. Punje moja ya mchanga chini ya kigae inatosha kukivunja pasipotakiwa. Kisha akatufundisha hatua hizi:

1. Pima pengo sehemu mbili, juu na chini, kwa kuwa kuta zetu hazijanyooka daima. Toa nafasi ya mwanya, kisha uweke alama kwa penseli upande unaong'aa.

2. Egemeza kigae kwenye kizuizi, uso unaong'aa ukiwa juu, na mstari wako uwe sawa na kigurudumu.

3. Dondoshea kigurudumu tone la mafuta ya cherehani, kisha kiweke mwanzoni kabisa mwa kigae.

4. Chora mara moja tu, kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, bila kusimama katikati. Sikiliza. Sauti iliyo sawa, kama kitambaa kinachochanwa, ni dalili njema. Ikikatika, basi mkono ulilegea mahali hapo.

5. Inua kigurudumu, weka mguu wa kuvunjia karibu na ukingo wa kigae, ukiwa umeukalia mstari pande zote mbili, kisha bonyeza polepole ukiongeza nguvu. Usipige kwa ghafla.

6. Sugua ukingo uliokatwa kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa maji. Ukingo huo ni mkali kama kioo.

Tuliyafuata hayo, na kigae cha kwanza kikaachana katikati kwa mlio mdogo mkavu. Tulitazamana bila kusema neno.

Usalama nao usidharauliwe. Vaa miwani ya kazi, kwani vipande vidogo huruka wakati wa kuvunja. Vaa glovu unapobeba vipande, na viatu vilivyofunika vidole. Watoto wakae mbali mpaka mabaki yote yafagiwe, na kabla ya kufagia nyunyiza maji ili vumbi lisiamke.

Pale isipoweza

Mashine hii ina mipaka yake. Haikati tundu la bomba, wala kona ya ndani yenye umbo la herufi L. Ukanda mwembamba wa chini ya sentimita mbili nao huvunjika mara nyingi. Kwa kazi hizo grinda yenye kisu cha almasi bado inahitajika, lakini ifanyiwe nje ya nyumba, kigae kikiwa kimeloweshwa na maji yakiendelea kumiminwa kwa uangalifu, na mkataji avae barakoa ya vumbi inayobana vizuri. Mchanganyiko wa maji na umeme ni hatari, basi kazi hiyo aachiwe fundi anayeijua. Katika bafu letu tundu lilikuwa moja tu. Fundi yule yule wa awali alikuja akalikata uani, kwa maji, na sisi tukiwa tumefunga madirisha.

Aidha, kata nyingi mbaya hutokana na kupanga vibaya. Kabla ya kugusa saruji au gundi, panga vigae vikavu sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiona ukingo mmoja utabakiwa na ukanda mwembamba, sogeza safu zote mpaka kingo mbili zipate vipande vyenye upana wa kutosha. Nunua vigae vya ziada, kiasi cha asilimia 10 kwa upangaji wa kawaida na asilimia 15 kwa upangaji wa mshazari, na uhakikishe namba ya toleo na ya rangi iliyoandikwa kwenye maboksi ni moja. Usitupe vilivyovunjika. Mzee alivichambua vile saba vyetu kimoja kimoja, akapata humo vipande vya kutosha ukingo mzima wa nyuma ya mlango.

Kwa namna hiyo kazi iliisha, na katika vile viwili vya akiba kimoja kimebaki, tumekihifadhi chini ya kitanda. Mashine ile dhaifu tuliirudisha dukani, tukaongeza fedha na kuchukua iliyo imara. Hivi sasa haikai kwetu. Fundi wetu aliiazima kwa kazi ya nyumba ya pili, akairudisha, akaiazima tena, na majuma machache yaliyopita alitueleza kwamba amenunua yake. Alisema kikohozi chake cha asubuhi kimepungua. Sisi si matabibu na hatuwezi kulithibitisha hilo, ila tulifurahi kulisikia.

Ndugu wasomaji, si kila familia italazimika kununua chombo hiki. Majirani watatu wanaojenga wanaweza kuchangia kimoja, na msikiti au madrasa yenye ukarabati inaweza kuwa nacho kwa manufaa ya wote. Lakini mnapopatana na fundi, pamoja na bei, muulizeni pia swali hili: “Utakata kwa nini, na utakatia wapi?” Sisi hatukuliuliza, na jibu lake tulilipata usiku, kwenye pumzi ya mtoto wetu.