Mkaa Mtamu wa Krismasi

Mwezi wa Desemba uingiapo, mazungumzo katika nyumba nyingi za mijini hugeuka kuwa hesabu. Nguo za watoto, nauli ya kwenda kijijini, mchele, nyama, na mahitaji ya shule yanayosubiri Januari, yote hayo hugombea mshahara mmoja. Katika hesabu hiyo, jambo dogo ambalo watoto hulingojea kwa hamu kubwa, yaani kitu kitamu cha siku ya Krismasi, huachwa hadi mkesha. Hapo baba au mama hukimbilia dukani kununua pakiti ya peremende, ikagawiwa, ikamung'unywa, na kufikia jioni hakuna aikumbukaye.

Ukurasa huu unapendekeza njia nyingine. Kwa sukari isiyofika nusu kilo, maziwa kikombe kimoja, siagi kidogo na unga wa kakao, familia yaweza kupika peremende laini iitwayo faji, kisha ikaifanya ifanane na mkaa wa jikoni. Sinia lenye vipande vyeusi huletwa sebuleni mbele ya watoto waliokuwa wakingoja zawadi. Watashangaa, wengine watanuna. Kisha mmoja atathubutu kuonja, na nyumba nzima itacheka.

ASILI YA UTANI HUU

Katika nchi kadhaa za Ulaya, na huko Marekani, kuna mazoea ya siku nyingi ya kuwatisha watoto kwamba aliyekuwa mtukutu mwaka mzima hatapata zawadi ya Krismasi, ila ataamka na kukuta kipande cha makaa ya mawe ndani ya soksi yake. Nchini Italia kazi hiyo ni ya bibi kizee wa hadithi aitwaye Befana. Watoto huambiwa kwamba huja usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, akiwa amepanda ufagio. Watiifu huwaachia peremende. Wakaidi huwaachia makaa.

Lakini ni mzazi gani apendaye kumliza mwanawe siku ya sikukuu? Waitalia wakatafuta njia ya kutimiza tishio bila kuumiza: wakatengeneza makaa ya sukari, meusi kwa sura na matamu kwa ladha. Nchini Hispania nako makaa ya namna hiyo huuzwa kwa ajili ya sikukuu ya Mamajusi, ambayo huangukia siku hiyohiyo ya 6 Januari.

Faji yenyewe ni ya Marekani, na habari zake za mwanzo hutoka kwa wanafunzi. Emelyn Battersby Hartridge, aliyesoma katika Chuo cha Vassar huko Poughkeepsie, jimbo la New York, aliacha barua inayoeleza kwamba mnamo mwaka 1886 ndugu wa mwanafunzi mwenzake alikuwa akitengeneza faji mjini Baltimore, ikiuzwa senti 40 kwa ratili. Hartridge akapata maelezo ya upishi wake, na mwaka 1888 akapika ratili 30, yaani zaidi ya kilo 13, kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Vassar kilikuwa chuo cha wanawake wakati huo. Baada ya muda mfupi wasichana wa vyuo vingine, kama Smith na Wellesley, nao walikuwa na faji yao. Kwa hiyo hiki ni chakula kilichokuzwa na vijana wasio na mitambo wala karakana, na kinachowezekana chumbani kwa mwanafunzi kinawezekana pia katika jiko la mfanyakazi wa Temeke au Kariakoo.

KAKAO INATOKA WAPI?

Wengi wetu huidhani kakao kuwa kitu cha ng'ambo kwa sababu kopo lake husimama dukani likiwa na maandishi ya kigeni. Ni kweli kwamba asili ya mti huo ni Amerika ya Kati na Kusini. Lakini katika wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, karibu na Ziwa Nyasa, kakao ni zao linalosomesha watoto na kujenga nyumba. Hulimwa pia katika sehemu za mkoa wa Morogoro.

Mkulima hupasua tunda, hutoa mbegu zilizozungukwa na utelezi mweupe mtamu, huzifunika zivunde kwa siku tano hadi saba, kisha huzianika juani. Ladha tuijuayo ya chokoleti huanza katika kuvunda huko, na mbegu isiyovundikwa vizuri haiwezi kutoa chokoleti nzuri hata ikipelekwa kiwandani. Sehemu kubwa ya mbegu za nchi yetu husafirishwa nje zikiwa bado mbegu. Basi siku ya kupika faji ni nafasi njema ya kuwaeleza watoto kwamba weusi ulio katika sinia lao una jasho la watu wa kwetu.

MAHITAJI

Tumia kikombe kimoja kwa vipimo vyote, chenye ujazo wa robo lita hivi. Andaa sukari vikombe viwili. Maziwa kikombe kimoja. Unga wa kakao usiotiwa sukari vijiko saba vya mezani, na vingine viwili vya kunyunyizia. Siagi vijiko vitatu vya mezani. Chumvi, kiasi cha kuchota kwa ncha za vidole viwili. Na vanila kijiko kimoja cha chai. Asiye na vanila atumie iliki iliyotwangwa, nayo hupatana na kakao vizuri sana.

Sufuria iwe nzito na kubwa. Mchanganyiko huu hufura unapochemka, hivyo usizidi theluthi moja ya kina cha sufuria.

JINSI YA KUPIKA

Changanya sukari, unga wa kakao na chumvi vikiwa vikavu, ukivunja madonge yote. Tia maziwa, koroga, kisha injika kwenye moto wa wastani. Wanaotumia jiko la mkaa wafunike makaa kwa majivu kidogo, kwani moto mkali huunguza chini kabla ya juu kuiva. Endelea kukoroga mpaka mchanganyiko uchemke. Hapo uache mwiko. Chembe za sukari zilizoganda kandokando ya sufuria zipanguswe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa na kufungwa kwenye ncha ya mwiko.

Mwenye kipimajoto cha jikoni angoje kifike kati ya nyuzi 112 na 116 za Selsiasi. Asiye nacho asihuzunike, maana kipimo cha wazee wa kashata ni cha kutegemewa zaidi. Dondosha tone la mchanganyiko katika bakuli la maji baridi. Likitawanyika, bado. Likikusanyika likawa donge laini linalobonyea kati ya vidole, limeiva. Wakazi wa Arusha na Mbeya wapendelee kipimo hiki, kwa kuwa katika miinuko yao maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi au chini yake, na kipimajoto kinachofuatwa bila kupunguza tofauti hiyo kitawafanya wapike kupita kiasi.

Epua. Weka siagi na vanila juu, wala usikoroge. Acha sufuria itulie mahali pasipotikisika mpaka chini yake iguswe kwa kiganja bila kuunguza, kiasi cha nyuzi 43. Jambo hilo laweza kuchukua saa nzima au zaidi katika joto la Dar es Salaam, na hapa ndipo wapishi wengi huharibu kazi.

Sababu yake ni hii. Sukari iliyo katika sufuria imeyeyuka yote, lakini inatamani kurudi kuwa chembe. Ukiikoroga ingali ya moto, chembe chache huanza mapema na kukua, na faji huwa kama mchanga mdomoni. Ukiiacha ipoe kwanza ndipo ukoroge kwa nguvu, chembe nyingi mno huzaliwa kwa pamoja, kila moja ndogo kiasi kwamba ulimi hauitambui. Kashata yetu ya nazi haina haja ya subira hiyo, kwani utamu wake uko katika kutafunika. Faji yataka ulaini, na ulaini hauna njia ya mkato.

Ikishapoa, koroga bila kuchoka. Hii ni kazi ya kupokezana: baba, mama, kaka na dada, kila mmoja na zamu yake. Utaona mchanganyiko unakuwa mzito, rangi inafifia kidogo, na mng'ao unapotea. Mng'ao ukipotea, usisubiri; mimina upesi katika sinia lililopakwa siagi, maana dakika chache baadaye itagandia sufuriani.

Ikigeuka mchanga, au ikikataa kuganda, usiitupe. Irudishe sufuriani na maji nusu kikombe, iyeyushe polepole, uichemshe tena hadi kipimo kilekile. Wanaokumbuka foleni za sukari za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kuambiwa kwamba sukari haitupwi.

KUIGEUZA MKAA

Faji ya kawaida hukatwa miraba kwa kisu. Hii yetu usiikate. Ingali na uvuguvugu kidogo, imege kwa mikono vipande visivyolingana, vingine virefu, vingine vyenye pembe, kama vile mkaa unavyokuwa ndani ya gunia. Vibingirishe katika ule unga wa kakao uliobaki. Kazi hii wapewe vijana wa nyumbani, kwani hakuna kosa linaloweza kufanyika: kadiri kipande kilivyo kibaya kwa sura, ndivyo utani ulivyo mzuri.

Hifadhi katika kopo au bakuli lenye kifuniko kinachobana. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi mwezi wa Desemba, na sukari hunyonya unyevu huo hadi faji ikatota.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza ni ya moto. Sukari inayochemka ina joto kupita maji yanayochemka, nayo hunata mwilini. Watoto wadogo wakae mbali mpaka sufuria ipoe, na kukoroga kwao kuanze hapo. Ajali ikitokea, mwagia sehemu iliyoungua maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali wala unga. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa la uso au mikono, mpeleke mgonjwa hospitali.

Ya pili hutokana na utani wenyewe. Mkaa wa kweli umo katika nyumba zetu nyingi, na mtoto wa miaka miwili hajui kutofautisha. Sinia la mkaa mtamu lisiwekwe jikoni karibu na jiko wala gunia. Litolewe sebuleni, mezani, kwa mkono wa mtu mzima. Mtoto ambaye hajafikia umri wa kuelewa mzaha apewe chake kikiwa hakijapakwa unga, kimekatwa mraba.

UTANI UNA WENYEWE

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko upishi. Makaa ya Befana yalikusudiwa kuwa adhabu. Tukiyaleta nyumbani pamoja na maana hiyo, twaweza kumjeruhi mtoto siku ambayo alipaswa kufurahi. Mwisho wa mwaka ni wakati wa matokeo ya mitihani. Katika nyumba moja huenda yupo aliyefaulu na yupo ambaye mambo hayakumwendea vyema. Mzazi akimpa huyu wa pili mkaa na mwenzake akampa peremende ya rangi, hata kama mkaa huo ni mtamu, mtoto atakuwa ameelewa jambo lingine kabisa, na utamu hautamfuta machozi.

Kwetu utani una desturi zake. Hautaniwi mtu ovyo, hutaniana watani. Katika makabila mengi ya nchi hii, babu na bibi ni watani wa wajukuu wao. Babu humwita mjukuu wa kike mchumba wake, na mjukuu humcheka babu kwa upara wake bila kukemewa. Kwa hiyo, kama nyumbani yupo babu au bibi, sinia hilo ni lake. Yeye ndiye mwenye haki ya kutangaza kwa sauti ya ukali kwamba mwaka huu nyumba nzima imekuwa na utukutu, na kwamba kila mtu atapata anachostahili. Wa kwanza kupokea kipande awe baba, wa pili mama. Watoto wakiona wakubwa nao wamehukumiwa, watajua kwamba huu ni mchezo, na hakuna atakayejiona ametengwa.

Sahani nyingine ifunikwe kawa, ipelekwe kwa jirani. Ukitumia iliki badala ya vanila, ndani ya faji hii hamna kileo wala mafuta ya nguruwe, hivyo hata jirani Mwislamu aliyekuletea sahani siku ya Idi ataipokea bila wasiwasi. Mtoto atakayeipeleka afundishwe kuibisha hodi kwa heshima, kuikabidhi sahani kwa mikono miwili, na kusema bila kucheka: "Shikamoo mama, nyumbani wamenituma nikuletee mkaa." Asimame hapo mlangoni mpaka kawa ifunuliwe.

Heri ya Krismasi kwa wasomaji wote.