Anayekamua Ndiye Afundishwe



Chama kimoja cha ushirika kiliita wanachama wafundishwe usafi wa maziwa, kwa sababu mikebe mingi ilikuwa ikirudishwa. Walikuja wanaume watupu, maana majina yao ndiyo yaliyokuwa katika daftari. Bwana Shamba akauliza, "Nani kati yenu alikamua leo asubuhi?" Mikono miwili tu iliinuliwa. Wakamuaji walikuwa nyumbani, hawakuitwa.

Wiki iliyofuata waliitwa wakamuaji wenyewe. Walionyeshwa jinsi ya kuosha kiwele, kukikausha kwa kitambaa safi, na kukamua matone ya kwanza katika kikombe cheusi ili waone mabonge ya ugonjwa. Mama mmoja akasema, "Mabonge hayo nimeyaona mwezi mzima. Hakuna aliyeniuliza."

Jambo hili si geni. Katika mashamba ya mpunga ya Mwea, yaliyoanzishwa miaka ya 1950, shamba liliandikwa kwa jina la mume, na fedha alilipwa yeye. Mke alifanya kazi katika mpunga, lakini bustani yake ya chakula ilikuwa ndogo, ikambidi anunue chakula na kuni. Wachunguzi walioandika habari hizo mwaka 1973 walionyesha kwamba kazi yake ilizidi, na fedha mkononi mwake zilikuwa chache. Mtu asiyeona faida ya jasho lake atajitahidi kwa sababu gani?

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba wakulima wanawake wakipata mbegu, mbolea na mafundisho sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yaweza kuzidi kwa asilimia 20 hadi 30.

Basi tufanye nini? Kwanza, chama kimwite anayefanya kazi, si mwenye jina tu. Pili, mkutano usiwekwe saa ya kukamua. Tatu, wanawake wachaguliwe katika kamati. Katiba ya mwaka 2010 yataka watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Hicho ni kipimo kizuri hata kwetu. Nne, malipo yakifika, mume na mke wayahesabu pamoja.

Labda bwana mmoja atauliza, "Nami nitakuwa nani katika boma langu?" Utakuwa mtu ambaye maziwa yake hayarudishwi.