Shaka ya Mkulima wa Keroka Isipuuzwe

Inapotajwa mikataba ya nafaka baina ya Kenya na mataifa makubwa, wasomi wetu wamezoea kutazama Kitale na Eldoret kwa mahindi, na Narok kwa ngano. Ni nadra mtu kuikumbuka Keroka, mji ulio kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Sotik, katika mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira. Hata hivyo, mkulima wa Keroka ana haki ya kuuliza swali lile lile aulizalo mwenye mashamba makubwa: mkataba huu utanifaa nini?

Swali hilo mara nyingi limejibiwa kwa dharau. Husemwa kwamba mkulima mdogo haelewi uchumi wa dunia, kwamba anaogopa mabadiliko, na kwamba ana chuki dhidi ya wageni. Mimi naona kinyume cha hayo. Shaka yake ni elimu aliyoipata kwa gharama kubwa, na anayetaka kuiondoa sharti kwanza aielewe.

Natuanze na hali yake. Shamba lake ni dogo, na ndani yake hugawana nafasi chai, ndizi, mahindi, maharagwe na wimbi. Mahindi huyapanda mapema mwakani na kuyavuna kuanzia Julai hadi Agosti. Mavuno hayajakauka vyema, shule zinakaribia kufunguliwa kwa muhula wa tatu, na karo inadaiwa. Basi magunia mawili matatu huuzwa haraka, kwa bei atakayoitaja mnunuzi. Ifikapo Aprili au Mei ghala ni tupu, na mtu yule yule huingia sokoni kununua mahindi kwa gorogoro. Kwa hivyo yeye ni muuzaji wakati bei iko chini na mnunuzi wakati bei iko juu. Nafaka ya kigeni ikifika Mei, atashukuru pamoja na watu wa mjini. Ikifika Agosti, itamnyang'anya karo ya mwanawe.

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watu wa Gusii waliwahi kuumwa. Mwezi Julai mwaka 1989, mataifa wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa yalishindwa kuelewana kuhusu migao ya mauzo, na migao hiyo ikasimamishwa. Bei ya kahawa duniani iliporomoka. Mkulima aliyekuwa akipeleka buni kiwandani hakuwa na kiti katika mkutano huo, wala hakuulizwa neno. Aliletewa matokeo tu.

Mifano ya karibu pia ipo. Mwaka 2017, unga ulipokuwa haba, serikali iliondoa ushuru wa mahindi kutoka nje, na mwezi Mei meli ikafika Mombasa na karibu tani 30,000 kutoka Meksiko. Pakiti ya kilo mbili iliuzwa kwa shilingi 90, nasi walaji tulifurahi. Lakini gunia la kilo 90 ambalo Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao ililinunua kwa shilingi 3,200 mwaka huo, lilitangaziwa shilingi 2,300 katika msimu wa 2018, kabla ya kelele za wakulima na wabunge kulipandisha hadi 2,500. Tena Novemba 2022, wakulima wa kaskazini mwa Bonde la Ufa wakiwa katikati ya mavuno, ilitangazwa kwamba magunia milioni 10 yataingizwa bila ushuru, na kwamba hata mahindi ya GMO yangeruhusiwa. Je, ni ajabu kwamba walishtuka?

Katika mazingira hayo ndimo mazungumzo na Marekani yalimoingia. Mwaka 2020 nchi hizi mbili zilikubaliana juu ya masharti ya afya ya mimea, na kwa makubaliano hayo ngano ya majimbo ya Washington, Oregon na Idaho ikaruhusiwa kuingia Kenya baada ya kuzuiwa kwa zaidi ya miaka kumi kwa sababu ya ugonjwa wa kuvu. Julai mwaka huo huo mazungumzo ya mkataba mpana wa biashara huria yakaanza. Hayakukamilika. Serikali ya Rais Biden ilileta mpango mwingine mwaka 2022, na mwaka 2025 suala la mkataba likazuka upya.

Ni haki kukiri kwamba Kenya haijitoshelezi kwa ngano. Sehemu kubwa ya mkate na chapati tunazokula hutokana na ngano ya nje, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilituonyesha hatari ya kutegemea wauzaji wachache. Kupata muuzaji mwingine si dhambi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mahindi si ngano. Ushuru wa asilimia 50 ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki imeuweka juu ya mahindi kutoka nje ya kanda ni ukuta wa mkulima mdogo, na mkulima wa Marekani anayegonga ukuta huo ana mashine, bima ya mazao na ruzuku ya serikali yake nyuma yake.

Meksiko, chimbuko la mahindi duniani, ina somo kwetu. Ilipoingia katika mkataba wa biashara na Marekani na Kanada Januari 1994, ilipewa muda hadi mwaka 2008 kufungua soko lake la mahindi hatua kwa hatua. Serikali yenyewe haikusubiri. Iliruhusu mahindi yaliyozidi kiwango kuingia bila kutoza ushuru uliostahili. Bei ya mkulima ikashuka. Waliostawi hasa ni wenye mashamba makubwa ya kunyunyiziwa maji, kama wale wa jimbo la Sinaloa, waliosaidiwa na serikali. Mwenye shamba dogo la mlimani hakuwa na nguvu hizo. Basi Keroka inafanana na nani: Sinaloa au mlimani?

Ikumbukwe kwamba wakulima wadogo wa Kenya hawakubaki kunung'unika tu. Mwaka 2007, chama cha Kenya Small Scale Farmers Forum kilikwenda Mahakama Kuu kuhusu mazungumzo ya mkataba wa kiuchumi na Ulaya. Oktoba 2013 mahakama iliamuru serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha wadau, wakiwemo wakulima wadogo, na ihimize mjadala wa umma. Katiba ya 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, na haki ya kupata habari katika kifungu cha 35. Sheria ya mikataba ya mwaka 2012 nayo inataka Bunge lizingatie mkataba kabla haujaidhinishwa. Haki imeandikwa; kinachokosekana ni kuitekeleza hadi vijijini.

Utekelezaji huo una sura tatu. Kwanza, yaliyomo katika mkataba yaelezwe kwa Kiswahili na Ekegusii, kabla ya sahihi kutiwa, ili mtu asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Pili, kalenda ya mavuno iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kwamba nafaka ya nje isiingie bila ushuru katika miezi ya mavuno yetu. Tatu, ijulikane mapema ni nani atakayefidiwa bei ikianguka, na fedha zitatoka wapi.

Nanyi walimu, hapa mna somo lisilohitaji vitabu vipya. Gunia la kilo 90 lina gorogoro 45 za kilo mbili. Waulizeni wanafunzi: bei ikishuka kwa shilingi 10 kwa gorogoro mwezi Agosti, anayeuza magunia mawili hupoteza kiasi gani? Watajibu shilingi 900. Ikishuka vivyo hivyo mwezi Mei, anayenunua gunia moja huokoa kiasi gani? Watajibu 450. Kisha waulizeni ni nani huamua meli ifike mwezi gani. Swali hilo la mwisho ni la uraia, na mwanafunzi ambaye karo yake imetoka katika magunia hayo anastahili kulipata jibu lake.

Wanaotia sahihi mikataba wasimwogope mkulima anayeuliza. Mwenye kuuliza bado yuko tayari kusikiliza. Wa kuogopwa ni yule aliyenyamaza, akang'oa mahindi yake akapanda mikalitusi, kwa kuwa siku meli ikichelewa, hatakuwa na gorogoro hata moja ya kutuuzia.