Taa Huita Wote: Uvuvi wa Usiku wa Omena na Kamba Wadogo

Katika soko la Nunguni, juu ya vilima vya Kilungu katika Kaunti ya Makueni, omena huuzwa pamoja na mahindi, maharagwe na kunde. Mama wa nyumbani hununua kitoweo; mfugaji hununua makombo ya kuchanganya na chakula cha kuku. Mtu akichunguza vizuri gorogoro moja ya makombo hayo, aweza kuona vijinyama vidogo vyekundu-vyekundu, vyenye ndevu ndefu na miguu mingi. Hivyo si wadudu walioingia katika gunia. Ni kamba wa maji matamu, ambao Waluo huwaita ochong'a. Mtu wa Ukambani asidhani kwamba ametajwa yeye: kamba huyu ni mnyama wa majini, ndugu wa kamba wakubwa wanaovuliwa pwani.

Toka Nunguni hadi Ziwa Viktoria ni zaidi ya kilometa 300, hata kama mtu angeruka kama ndege. Walakini kila anunuaye omena hapo Kilungu hulipa sehemu ya gharama za usiku mmoja wa kazi ziwani, na katika gharama hizo taa ina fungu lake kubwa. Kwa hiyo habari ya taa za wavuvi si ya wavuvi peke yao. Yamhusu pia mkulima afugaye kuku, na karani anunuaye kitoweo mwisho wa mwezi.

KWA NINI HUFUATA MWANGA

Wakati wa mchana omena na ochong'a hukaa chini, karibu na tope, wasionekane na samaki wakubwa. Jua likitua hupanda juu kutafuta chakula, maana vijidudu vya majini wanavyovila navyo hupanda usiku. Taa ikiwekwa juu ya maji, vijidudu hivyo hukusanyika penye mwanga, pamoja na wadudu warukao. Na walao vijidudu huja nyuma yao. Omena wenyewe pia huvutwa na mwanga.

Mvuvi hutandaza taa zake kabla ya giza kuingia kabisa. Kila taa huwekwa juu ya chelezo kidogo cha mbao, na vyelezo hufungwa kwa kamba visichukuliwe na upepo. Kisha hungoja saa moja au zaidi. Samaki wakiisha kukusanyika, mashua huizunguka taa moja kwa wavu, wavu huvutwa, na wavuvi huendelea na taa ya pili.

Kazi hii hutaka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga huenea juu ya ziwa lote, na taa ya mvuvi huwa kama kibiriti kilichowashwa mchana. Ndiyo sababu wavuvi wengi hupumzika siku zile za mwezi mpevu, wakatengeneza nyavu zao.

TOKA KUNI HATA JUA

Uvuvi wa mwanga ni wa kale katika Afrika ya Mashariki. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika waliwasha kuni katika mitumbwi yao, wakachota dagaa kwa nyavu za mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 karabai za mafuta ya taa zilienea katika ziwa hilo, na baadaye zikawa chombo cha kila siku cha wavuvi wa omena katika Ziwa Viktoria.

Karabai ina sifa zake. Hutoa mwanga mwingi, na mafundi wa kuitengeneza hupatikana. Lakini sehemu kubwa ya mafuta yake hugeuka joto tu, lisilomvuta samaki hata mmoja. Kioo chake hupasuka kikirushiwa maji, na utambi wake mweupe hukatika kwa mtikisiko mdogo. Tena ni chombo cha moto: mtu akiongeza mafuta taa ingali inawaka, au akitumia mafuta yaliyochanganywa na petroli, aweza kuungua vibaya katikati ya maji, mbali na msaada wo wote.

Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua kituo huko Mbita, ambapo wavuvi waliweza kuchukua taa zilizotiwa umeme wa jua na kuzirudisha asubuhi ili zitiwe nguvu tena. Tangu hapo taa za LED, zenye balbu ndogo zisizokula umeme mwingi, zimeenea kwa kasi. Na mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilipoongeza kodi ya mafuta ya taa, ili kuzuia watu wasiyachanganye na dizeli, wavuvi waliobaki na karabai walipata sababu nyingine ya kuziacha.

JINSI YA KUCHAGUA

Asidhani mtu kwamba kila taa ya jua ni nzuri. Taa ya uvuvi ni lazima iwake toka magharibi hata karibu na alfajiri bila kufifia, nayo hurushiwa maji usiku kucha. Mnunuzi mwenye busara hufanya majaribio kabla ya kutegemea taa. Huiwasha nyumbani usiku mmoja mzima, akatazama ni saa ngapi inapopungua nguvu. Huuliza kama betri yake yaweza kubadilishwa, maana betri huchoka kabla ya balbu. Hutazama pia kama muuzaji anatoa hati ya dhamana, na kama maungio yamezibwa vizuri maji yasipenye. Taa rahisi ifayo miezi mitatu ni ghali kuliko taa ya bei kubwa iwakayo miaka mitatu.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba taa kali kuliko zote ndiyo ivuayo zaidi. Nusu ya mwanga wa karabai huenda juu mbinguni. Kofia ya bati, iliyopakwa rangi nyeupe kwa ndani, huurudisha chini majini bila gharama. Mwanga ukipiga maji kwa mshazari sana, sehemu yake hurudishwa na uso wa maji wala haiingii; kwa hiyo taa ielekezwe chini.

Rangi nayo ina maana. Maji huua mwanga mwekundu upesi. Katika bahari safi, mwanga wa buluu na wa kijani hufika mbali kuliko mwingine. Lakini katika Ghuba ya Winam, yenye maji mazito ya tope na mimea midogo ya kijani, buluu nayo hufa mapema, na mwanga wa kijani wenye umanjano ndio upenyao zaidi. Hivyo mvuvi wa ghuba hana haja ya kulipia taa ya buluu kwa sababu tu inasifiwa na watu wa baharini.

Huko pwani, kamba wakubwa hujifukia mchangani au topeni mchana, wakatoka usiku kutafuta chakula. Mtu akitembea katika maji machache na tochi, macho yao hung'aa kama makaa madogo. Hapo tochi haimwiti kamba. Humfichua tu, na wavu wa mkono humaliza kazi. Tochi hiyo haihitaji ukali mwingi, bali mwanga uliokusanyika mahali pamoja. Mwenye kuishika asiende peke yake, wala asisahau saa za maji kujaa.

TAA HAICHAGUI

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote. Taa huita wote: samaki mzima, mtoto wa samaki, na kamba mdogo aliye chakula cha wengine. Mbuta, samaki mkubwa aliyeletwa katika Ziwa Viktoria toka miaka ya 1950, akiwa mchanga hula ochong'a kwa wingi. Basi mtu atumiaye taa kali pamoja na wavu wa matundu madogo mno, au chandarua cha mbu, huvua watoto wa mbuta na chakula chao pia. Usiku ule atajaza mashua. Msimu ujao ataivuta tupu.

Ndiyo sababu sheria ya Kenya imetaka tundu la wavu wa omena lisipungue milimita 10, na uvuvi wa omena hufungwa toka Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Watu wa nchi kavu hulalamika bei ikipanda katika miezi hiyo. Malalamiko hayo yanaeleweka, kwani mfuko wa chakula cha kuku hupanda nao. Lakini mkulima ndiye apaswaye kufahamu jambo hili kuliko wote: hakuna mtu wa Kilungu alaye mbegu zake zote mwezi wa Septemba, kisha akatazamia kuvuna mwezi wa Februari.

MKULIMA WA NUNGUNI

Mnunuzi naye ana kazi yake. Omena mwema hung'aa kama fedha, ni mkavu, wala hanuki uvundo. Aliyeanikwa juu ya wavu au jabali ni safi; aliyeanikwa mchangani huleta mchanga, na kuku hakui kwa kula mchanga. Njia rahisi ya kumpima ni kutia kikombe kimoja cha omena katika maji, kukoroga, na kutazama kinachobaki chini. Na omena wakionekana wadogo mno, kama nyuzi, afadhali mnunuzi awaache na kumwambia muuzaji sababu. Wavu wa matundu madogo huenda ziwani kwa kuwa soko hukubali kununua vichanga.

Mwenye bwawa la samaki aweza kutumia elimu hii ya taa nyumbani kwake. Taa ndogo ya jua, ikining'inizwa juu kidogo ya maji ya bwawa saa za jioni, huvuta wadudu, wakaanguka majini na kuliwa na samaki. Hiyo ni nyongeza tu. Haiondoi haja ya kuwalisha. Tena katika baridi ya Juni hadi Agosti faida yake hupungua, kwa maana wadudu ni wachache usiku, na ngege hupungukiwa na hamu ya kula maji yakiwa baridi.

Mvuvi huchagua taa kwa faida ya usiku mmoja, na wavu kwa faida ya miaka. Mnunuzi wa Nunguni hamwoni mvuvi huyo wala hajui jina la mashua yake, lakini kila akataapo gorogoro ya vichanga, habari hiyo humfikia.