Virusi vya parvo B19

Virusi vya parvo B19 ni virusi vinavyoambukiza binadamu na kushambulia seli zinazotengeneza chembe nyekundu za damu. Kwa watu wengi huleta maradhi mepesi yanayopona yenyewe. Kwa wenye selimundu, wajawazito na watu wenye kinga dhaifu, vinaweza kuhatarisha maisha.

Jina "parvo" linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya "dogo". Virusi hivi viligunduliwa na Yvonne Cossart na wenzake jijini London, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1975. Walikuwa wakipima damu kutafuta homa ya ini aina ya B. Sampuli namba 19 katika kundi B ndiyo iliyovipa jina. Virusi vya parvo vya mbwa ni aina nyingine na havimwambukizi binadamu.

Muundo na uambukizaji

Virusi hivi vina kipenyo cha nanomita 25 hivi. Ndani yake kuna uzi mmoja wa DNA, na nje kuna ganda la protini lisilo na utando wa mafuta. Huenea kwa matone ya kikohozi na chafya, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni.

Virusi huzaliana ndani ya seli changa za uboho ambazo zingekuwa chembe nyekundu, kisha huziua. Hivyo utengenezaji wa chembe hizo husimama kwa takriban siku 7 hadi 10, mpaka kingamwili zitokee. Kwa kuwa chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, mtu mwenye afya hahisi upungufu huo.

Dalili

Watoto hupata homa ndogo, mafua, kisha vipele na wekundu mashavuni kana kwamba wamepigwa kofi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Watu wazima, hasa wanawake, huweza kuumwa viungo kwa wiki kadhaa. Vipele vinapotokea, kwa kawaida mgonjwa haambukizi tena.

Selimundu na Kanda ya Ziwa

Chembe nyekundu za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Uboho ukisimama kwa wiki moja, damu hupungua haraka sana. Mtoto huwa mweupe viganjani na kwenye ulimi, huchoka, hupumua kwa shida na moyo humwenda mbio. Vipimo huonyesha kwamba chembe nyekundu changa karibu zimetoweka katika damu. Tiba kuu ni kuongezewa damu bila kuchelewa. Ndugu zake wenye selimundu wachunguzwe pia, kwani mara nyingi huugua karibu wakati mmoja.

Jambo hili lina uzito katika mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria. Uchunguzi wa matone ya damu yaliyokaushwa ya watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano alirithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya 1% walikuwa na ugonjwa wenyewe. Wagonjwa wengi wa kanda hiyo hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Malaria, ambayo nayo huharibu chembe nyekundu, huongeza hatari.

Ujauzito

Utafiti uliofanywa miongoni mwa wajawazito jijini Mwanza ulikuta zaidi ya nusu yao wana kingamwili zinazoonyesha kwamba waliwahi kuambukizwa. Hao kwa kawaida wamekingwa. Mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza, hasa kabla ya wiki ya 20, anaweza kupoteza mimba, au mtoto akapungukiwa damu na kuvimba kwa kujaa maji mwilini. Hata hivyo, wengi huzaa watoto wenye afya.

Tiba na kinga

Hakuna chanjo wala dawa maalumu ya kuua virusi hivi. Wenye kinga dhaifu, wakiwemo baadhi ya wanaoishi na VVU, huweza kupata upungufu wa damu wa muda mrefu na kutibiwa kwa kingamwili zinazotolewa kupitia mshipa. Kunawa mikono kwa maji na sabuni na kufunika mdomo wakati wa kukohoa hupunguza maambukizi. Aliyepona kwa kawaida hupata kinga ya maisha.