Wimbo wa kuagana wa Uskoti: maneno yalipitia kwa Burns, sauti ilitoka kwenye dansi

Kambi ya skauti ikifika mwisho, vijana wanafanya duara, wanashikana mikono na kuimba "Ce n'est qu'un au revoir". Huku kwetu wengi wanauhesabu kuwa wimbo wa Kifaransa, wengine hata wa kanisa. Ulitoka mbali zaidi, Uskoti, inchi tunayoizoea kwa jina la Écosse. Kule unaitwa "Auld Lang Syne", maneno ya Kiskoti yanayokaribia kusema "siku zile za zamani sana".

Jina linalotajwa siku zote ni la Robert Burns, mshairi na mkulima aliyezaliwa Alloway mwaka 1759. Munamo Desemba 1788 alimtumia rafiki yake, Bibi Frances Dunlop, maneno ya wimbo huo. Miaka 5 baadaye alimweleza George Thomson, mkusanyaji wa nyimbo, kwamba ni wimbo wa kale usiowahi kuandikwa popote, na kwamba yeye aliuandika tu akimsikiliza mzee mmoja akiimba.

Tumwamini? Nusu tu. Mwaka 1711 James Watson alikuwa amekwisha kuchapisha huko Edinburgh shairi lenye mwanzo wa namna ileile, lakini lake ni kilio cha mpenzi aliyesahauliwa. Mwaka 1720 Allan Ramsay naye alitoa lake: mwanamke anampokea askari aliyerudi kutoka vita. Marafiki wawili waliokimbia pamoja milimani wakiwa watoto, kisha bahari ikawatenga, hawamo kwa Watson wala kwa Ramsay. Wataalamu wengi wanaona sehemu hiyo ni kazi ya mkono wa Burns mwenyewe. James Johnson alipouchapisha wimbo mwaka 1796, mwaka ambao Burns alikufa akiwa na miaka 37, aliutia herufi Z, alama ya nyimbo za kale zilizotengenezwa upya.

Jambo la kushangaza zaidi ni melodi. Ile ya kitabu cha Johnson siyo hii tunayoijua! Burns mwenyewe alikuwa ameandika kwamba ile ya kwanza ni ya kawaida tu. Sauti ya leo iliunganishwa na maneno yake katika kitabu cha Thomson cha mwaka 1799, wakati mshairi alikuwa kaburini tangu miaka 3. Thomson aliichukua kutoka kwenye muziki wa dansi za vijijini. Inafanana sana na "The Miller's Wedding", dansi ya arusi iliyomo katika kitabu cha Robert Bremner, na kuna kipande kinachoikaribia katika opera "Rosina" ya William Shield, iliyochezwa London mwaka 1782. Wako wanaompa Shield sifa yote, lakini kitabu cha Bremner kilitangulia opera hiyo kwa miaka zaidi ya 20.

Melodi hiyo inatumia noti 5 peke yake, unaweza kuipiga kwenye vibonyezo vyeusi vya piano bila kugusa cheupe. Pengine ndiyo sababu imeingia kirahisi katika lugha nyingi. Wakorea waliimbia wimbo wao wa taifa kwa sauti hiyo hadi 1948, Maldives hadi 1972. Huko Japani iliingia katika kitabu cha nyimbo za shule mwaka 1881, na mpaka leo maduka yanaipiga jioni kuwajulisha wateja kwamba ni saa ya kufunga.

Maneno ya Kifaransa yaliandikwa mwaka 1920 na padri Mjesuiti Jacques Sevin, mmoja wa waanzilishi wa skauti wa Kikatoliki Ufaransa. Hakutafsiri, aligeuza. Kwa Burns hakuna anayeondoka: marafiki wamekutana tena baada ya miaka mingi, wanapeana mikono na kunywa pamoja. Kwa Sevin watu wanaachana, wakiwa na tumaini la kuonana tena.

Tarehe 29 Januari 2020, wabunge wa Ulaya huko Brussels walipomaliza kupiga kura ya kuiacha Uingereza itoke katika Umoja wao, walisimama na kushikana mikono. Waliimba wimbo huohuo, wengine machozi yakiwatoka.